Mfuko wa Kwenye Kifundo

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amekuja dukani. Hakutaka kiti. Akauliza simu yangu huwa naiweka wapi. Nikamwonyesha: mfuko wa mbele wa suruali, upande wa kulia, mwaka wa sita sasa. Akashika mdomo. Akasema ndiyo maana! Miaka mitatu ya ndoa hajaitwa bibi, kumbe mkwe wake fundi cherehani anajipiga pasi mwenyewe kwa mionzi. Habari hizo kazipata kwenye ujumbe aliotumiwa. Kwenye simu.

Alipoondoka nilicheka. Kisha sikucheka tena. Kwenye droo ya zipu nimeficha vishati kumi na kimoja vya mtoto mchanga, nimevishona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Mke wangu hajui. Nataka mtoto mpaka naona haya kuandika.

Pia: nimetanua gauni la mke wangu kiunoni, mara ya pili tangu mwaka uanze. Vitambaa vya siku hizi vikifuliwa vinasinyaa. Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi

Uamuzi! Simu ihamie mfuko wa kifuani. Askari mstaafu aliyekuja kupunguza suruali akaniuliza kama nina wazimu, kwani moyo uko wapi? Basi, mfuko wa nyuma. Kinyozi wa mlango wa pili akasema figo. Nikachora mtu kwa chaki kwenye meza ya kukatia, nikamwomba kila mteja aweke alama ya X pale anapopahofia. Kufika adhuhuri mtu wangu kaenea alama mwili mzima. Kimebaki kifundo cha mguu. Hakuna aliyejua ndani ya kifundo mna nini. Hata mimi.

Mfuko kwenye pindo la suruali! Wanaume wote wanaosubiri watoto watapanga foleni kwangu. Nimewaonya wateja wasimwambie Mikasi, fundi wa ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 5 Machi

Mikasi ametundika bango. Mifuko salama ya simu, magotini. Magotini! Mwizi, tena mwizi asiyejua hata kuiga. Ana wateja wawili. Mimi sina.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevaa suruali mpya, simu kwenye pindo. Simu ililia mara tatu. Mara tatu nikainama. Mara ya tatu sikuinuka. Kinyozi akaninyoosha, akanikalisha kwenye cherehani. Ili nisahau maumivu nikashona huku nikimweleza kwa kirefu ninavyomwona mama mkwe. Kumbe kila nikikanyaga pedali, simu yangu ya vitufe inagonga chuma cha cherehani. Mguu wangu umempigia mama mkwe! Amesikia yote, na pale niliposema ana sauti ya tarumbeta kapasikia vizuri zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe haitikii salamu zangu. Mke wangu ameshaambiwa. Aliutazama mguu wangu, akasema Jumatatu twende zahanati, sote wawili. Maskini, mgongo wangu unamuumiza kuliko mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nesi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema watafiti bado wanachunguza mambo ya simu, na mwenye wasiwasi aiweke mbali na mwili, basi. Anachokiona yeye kila siku ni shingo zilizokakamaa, watu waliokosa usingizi, na bwana mmoja aliyetembea akiandika ujumbe mpaka akaingia mtaroni. Mgonjwa wa pindo la suruali hajawahi kumwona. Nimechanganyikiwa. Yeye mwenyewe simu yake ilikuwa kifuani!

Kisha mke wangu akasema hatukuja kwa ajili ya mgongo.

Mimba. Miezi minne! Alinyamaza kwa kuogopa tusije tukafurahi mapema. Akauliza kweli sikushuku, fundi mzima, gauni nimelitanua mara mbili kwa mikono yangu? Nililia mbele ya mizani. Nikalia tena tulipofika nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe amenisamehe. Anamwambia kila mtu kwamba ni ule mfuko wa kifundoni uliomletea mjukuu. Nilitaka kukubali. Nikahesabu kwa vidole. Miezi minne nyuma ni Novemba. Novemba simu ilikuwa wapi? Mfuko wa mbele, kulia!

Kumbe mionzi ndiyo dawa! Kesho naanza suruali za mifuko miwili mbele, za simu mbili. Safari hii ni siri. Nimemwambia kinyozi tu.

Jioni nimemwonyesha mke wangu vile vishati. Alivikumbatia vyote kumi na kimoja, machozi yakimtoka, nami nikafurahi kuliko siku ya harusi. Halafu akauliza kwa nini kila kimoja kina kimfuko kifuani.

Kifuani! Nilishtuka. Nimeshafumua vimfuko vinne. Kifua cha mtoto si mahali pa kuweka simu.