Doria ya Punda

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Mkuu wa kituo ametugawia simu askari wote wa wanyamapori. Kila tunapokanyaga, simu inachora mstari mwekundu kwenye kompyuta yake. Mwenye mstari mfupi atahamishiwa langoni kukagua tiketi. Akanitazama mimi! Lakini bwawa la msituni ninalolilinda ni langu. Nakaa kimya kibandani, riwaya mapajani, na wanyama wanakunywa maji bila wasiwasi. Mwenzangu mmoja, tunayemwita Miguu, anatembea kutwa akikohoa hadi majangili wanamsikia wakiwa vitandani mwao. Nani mlinzi hapo? Sihami ng'o. Tena sura ya tisa imefika patamu: mjane amekuta kisu chini ya godoro.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa ya simu hii. Punda wa kituo akishabeba maji asubuhi hana kazi. Nimeifunga simu chini ya tandiko lake, nikamwachia njia ya doria. Nikasoma hadi macho yakauma. Jioni mstari wangu umezunguka msitu mzima! Mkuu akanipongeza mbele ya wote. Miguu akanuna. Nyumbani mke wangu akauliza mbona mtembeaji hodari viatu vyake vinang'aa. Nikamwambia natembea kwa adabu.

Jumatano, 5 Juni

Mpishi wa kituo amelia kweli kweli. Kabichi za bustani yake zimefyekwa. Mkuu akafungua ramani aone nani alipita. Mstari wangu wa leo uliingia bustanini ukatulia humo mchana kutwa. Wote wakanigeukia. Nikimtaja punda, bwawa limekwenda. Nikainua kidevu, nikasema ndiyo, nimezila mimi. Mkuu akauliza, mbichi? Mbichi. Zote? Zote, afande, tena bila chumvi. Daktari kaniagiza mboga.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeumbuka. Mjane ndiyo kwanza anamkabili shemeji yake, mara redio inapaza sauti: simu yangu imekwama vichakani, askari wote waende kuniokoa! Nikatimua mbio niwatangulie. Wapi! Walishamzunguka punda, mguu umenaswa kwenye mtego wa waya. Miguu akampigia saluti. Wakacheka hadi wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Pembeni kulikuwa na mitego mingine, na swala mchanga kanaswa shingoni. Nilimkatia waya mwenyewe. Akainuka, akaenda zake. Mkuu akasema punda kaona kwa siku chache nisichokiona mimi miaka yote. Iliniuma sana. Nikamjibu kwamba pale bwawani kwangu hajawahi kunaswa hata sungura! Hakutaka kusikia. Punda atafanya doria na Miguu. Mimi langoni.

Ijumaa, 7 Juni

Langoni kelele tupu. Simu lazima isome tiketi ya kila mgeni, nami lazima niishike. Nani kasema lazima? Nimeitundika kwenye msumari dirishani, wageni wajihudumie. Mimi nimejikunja chini ya kaunta na mjane wangu. Hawanivunji! Kazi ikienda vizuri hivi, wiki ijayo nalidai bwawa langu. Kuna tumbili kakaa dirishani tangu asubuhi. Anaibonyeza simu kwa kidole, na inamwitikia. Ana kipaji huyu. Kesho namletea kofia yangu ya kazi.