Viti Viwili vya Tanuri

Timu ya mpira wa Kimarekani imempa kijana wa miaka ishirini na tisa kazi ya kuongoza ulinzi, na kijana mwenyewe hajawahi kuongoza ulinzi wa timu yoyote, hata ya shule. Na saa sita mchana wa siku hiyohiyo ndio ulikuwa mwisho wa kulipia viti vya uwanjani kwa msimu ujao.

Habari hizo mbili zilimkuta Geza Bartha kwenye kaunta ya duka la donati la Verna, mtaa wa Consaul, mashariki ya Toledo, theluji imefika magotini nje na donati ya sukari imefika katikati ya koo.

"Ishirini na tisa!" alifoka, sukari ikaruka. "Mimi nina soksi za miaka ishirini na tisa!"

"Tunazijua," alisema Hakimu bila kuinua macho kwenye gazeti. "Kila kiangazi zinatusalimia kabla yako."

"Basi hizo soksi ndizo zenye uzoefu," Bomba akadakia. "Zipelekeni zikaongoze ulinzi. Hakuna mshambuliaji atakayesogea."

Geza pale kijiweni hakuitwa Geza. Aliitwa Tanuri, kwa kuwa alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye tanuri la kiwanda cha vioo, na pia kwa kuwa hupata moto upesi na kupoa hachukui chini ya wiki. Hakimu jina lake ni Roosevelt Tibbs. Alichezesha mechi za shule kila Ijumaa kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo hutembea na kile kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa. Mtu akisema upuuzi hapo kaunta, Hakimu hukirusha mbele yake, mjadala unasimama. Bomba ni Lonnie Kaczor, fundi bomba, aliyezibua nusu ya vyoo vya upande huu wa mto na kuharibu nusu iliyobaki.

"Alikuwa akifanya nini huko nyuma, huyo kijana?" aliuliza Verna akimimina kahawa.

Hakimu alisoma. "Tobin Krall. Miaka mitatu msaidizi wa kocha wa mabeki wa nyuma. Kabla ya hapo alikuwa akikatakata video za mechi."

"Akikatakata video!" Tanuri alipiga kaunta. "Mimi nina mtu anakata majani nyumbani kwangu. Mbona simpi nyumba?"

"Maana ulimpa mashine ya kukatia, akaiuza," alisema Bomba.

"Hilo ni jambo jingine."

"Haya, tuache kijana. Tuwataje wazee," alisema Hakimu. Alikunja gazeti taratibu, kama mtu anayekunja mikono ya shati. "Mwaka juzi tulileta mzee wa miaka sitini na minane. Uzoefu miaka thelathini na minne. Tanuri, ulinunua keki."

"Nusu keki."

"Ulinunua nusu keki ukaileta humu. Siku ya Shukrani, sikukuu yenyewe, tukapigwa alama hamsini na moja. Kwangu hata bata mzinga mezani alikuwa anatuonea huruma."

"Mwaka ule tulikuwa na majeruhi!"

"Na yule wa kabla yake? Kamera ilimkuta amelala, mechi inaendelea."

"Alikuwa anawaza."

"Anawaza huku mate yanamtoka?" Bomba alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, tuseme ukweli. Ulinzi wetu ni kama mlango wa duka kubwa. Adui akiukaribia tu unafunguka wenyewe, tena unamtakia siku njema."

Wote walicheka, hata Tanuri. Timu yenyewe inaitwa Mafundi Vioo, na watu wa Toledo hawajawahi kuhitaji mgeni wa kuwacheka. Kazi hiyo wanaifanya wenyewe, tena bila mshahara.

"Mimi ninachosema ni hiki," Tanuri alirudi palepale. "Kijana ambaye hajawahi kupewa kazi kubwa hapewi iliyo kubwa kuliko zote. Ataunguza."

Hakimu alimtazama. "Wewe ulipewa tanuri ukiwa na miaka mingapi?"

Tanuri alichukua kijiko, akakoroga kahawa.

"Tunangoja, bwana."

"Ishirini na minne."

"Uliwahi kuongoza tanuri kabla ya hapo?"

"Hapana."

"Wiki ya kwanza ikawaje?"

Kila mtu alijua ikawaje. Bomba alianza kupiga kijiko kwenye kikombe, kong, kong, kong, kama nyundo. Wiki ya kwanza Tanuri aliacha moto ukashuka usiku, na kioo chote kilichoyeyuka kikaganda ndani kama jiwe. Watu walikivunja kwa nyundo siku kumi na tisa, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, kichwa chini, akipokea matusi kwa Kihungari, Kipolandi na Kiingereza.

"Ndiyo maana nasema!" alipaza sauti. "Mimi ndiye ushahidi! Mimi namjua huyo kijana kuliko mama yake!"

"Ila hawakukufukuza," alisema Hakimu polepole. "Ukakaa miaka thelathini na moja, na tanuri halikuganda tena."

Mtu kama Tanuri akibanwa hutafuta kiapo.

"Basi mimi nimemaliza," alisema. "Viti vyangu silipii. Wampe huyo mtoto avikalie, awe na mahali pa kufanyia kazi za shule."

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Verna alichukua chaki, akachora mstari ukutani kando ya mashine ya kahawa. Kulikuwa na mistari ishirini na miwili. Huo ukawa wa ishirini na tatu. Kila mwaka Tanuri huapa kwamba amemaliza na timu. Kila mwaka mkewe, Ilona, hulipia viti kimyakimya bila kumwambia, na ikifika Septemba Tanuri huondoka nyumbani na chupa ya chai na blanketi jekundu kana kwamba hakuna aliyewahi kusema neno. Viti vilikuwa vya baba yake tangu timu ianze. Tanuri alikaa hapo akiwa na miaka kumi na mmoja, miguu haifiki chini.

"Unaapa huku, shemeji analipa kule," alisema Bomba. "Hilo si tanuri, ndugu yangu. Huo ni moto wa makaratasi."

"Bomba, usinijaribu."

"Nani anakujaribu? Simu hiyo hapo mkononi mwako. Mwanamume akiapa huwa anamalizia."

Bomba mwenyewe hana kiti. Ana foleni. Viti vya Mafundi Vioo, pamoja na vichapo vyote hivyo, vinangojewa na watu elfu kumi na nane, na Bomba amengoja miaka kumi na tisa. Kila Februari kadi ya foleni ikifika kwa posta huileta kijiweni na kuisoma namba yake kwa sauti, kama mtu aliyepata mjukuu. Mwaka huu hakuisoma, na kwa kelele kuhusu yule kijana hakuna aliyeuliza.

Tanuri alipiga. Akaweka simu juu ya kaunta, sauti wazi, ili wote wasikie jinsi mwanamume anavyomalizia.

"Ofisi ya tiketi, habari ya asubuhi," alisema binti.

"Bartha, Geza. Sehemu ya mia na kumi na nne, safu ya kumi na mbili, kiti cha saba na cha nane. Sivitaki tena."

Vitufe vya kompyuta vililia. "Mzee Bartha, viti vyako vimeshalipiwa. Tangu Jumatatu. Na Bi Ilona Bartha."

Verna alicheka mpaka akamwaga kahawa. Bomba alilala juu ya kaunta. Mtu asiyewajua kabisa, aliyekuja kununua donati sita, naye alicheka. Masikio ya Tanuri yakawa mekundu kama blanketi lake. Angeweza kucheka na wenzake, na mambo yakaishia hapo. Miaka ishirini na miwili yaliishia hivyohivyo.

"Mrudishieni pesa yake," alisema. "Viti viko kwa jina langu. Vifute."

"Mzee, nikibonyeza hapa vinakwenda kwa mtu wa kwanza kwenye foleni. Siwezi kuvirudisha. Una hakika?"

Kicheko kikakatika. Kitambaa cha njano kiliruka hewani, kikatua juu ya simu.

"Kosa," alisema Hakimu. "Mchezo unarudiwa. Kata simu, Geza."

Hakuna aliyewahi kumwita Geza hapo ndani. Tanuri alimtazama Hakimu, akamtazama Verna, aliyeshika chaki bado. Mwisho akamtazama Bomba, ambaye macho yake yalikuwa ndani ya kikombe.

"Mwacheni," Bomba alinong'ona. "Hawezi."

Tanuri alikiondoa kitambaa juu ya simu. "Bonyeza."

Ikasikika sauti ndogo, tik. Binti akamtakia siku njema.

"Haya!" Tanuri alitazama huku na huku. "Nani alisema moto wa makaratasi?"

Aliagiza donati nyingine. Ililetwa, akaitazama. Nje mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, kwaru, kwaru, na ndani ikasikika vizuri sana.

Kahawa haijapoa, simu ya Bomba ikaanza kutetemeka kwenye kaunta. Ilitembea yenyewe, ikagonga bakuli la sukari. Wote waliiona namba. Ndiyo ileile aliyoipiga Tanuri.

"Ni mteja," alisema Bomba. "Bomba limepasuka."

"Pokea," alisema Hakimu.

"Nitampigia baadaye."

"Lonnie. Pokea. Sauti wazi."

Alikuwa binti yuleyule, sasa ana furaha. "Bwana Kaczor, hongera! Umefika mbele ya foleni. Tuna viti viwili, sehemu ya mia na kumi na nne, safu ya kumi na mbili…"

Bomba alitia mkono ndani ya koti, akatoa kadi, akaiweka kaunta kifudifudi. Hakimu aliigeuza. Namba iliyoandikwa ilikuwa moja.

"Nilitaka kuwaambia," alisema Bomba.

"Lini?" aliuliza Verna.

"Septemba."

Tanuri alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Bomba akajikunyata, akijua anapigwa, na pengine akiona ni halali.

"Bwana Kaczor?" binti aliita. "Unavichukua? Ukikataa nampigia wa pili. Yuko mji wa Dayton."

"Binti, huwezi kuviandika jina la mtu mwingine? Kuna mzee hapa…"

"Hapana, samahani."

Bomba alimwinulia Tanuri macho ya mbwa aliyekula nyama ya sikukuu. Tanuri alipumua kwa nguvu mara tatu.

"Vichukue, ng'ombe wewe," alisema. "Unataka pale alipokaa baba yangu akae mtu wa Dayton?"

Bomba akavichukua. Alipokata simu alikuwa na machozi, na hakuna aliyejua ni ya nini, hata yeye.

"Utakaa na mimi, Tanuri," alisema haraka. "Cha nane ni chako. Naapa. Mke wangu hawezi baridi."

"Na Ilona atakaa wapi?"

Tanuri aliokota kofia yake, akajaribu kuvaa glavu, akakuta zote ni za mkono wa kushoto, akazitia mfukoni.

"Verna," alisema. "Nipe namba ya ile ofisi. Nijiandikishe kwenye foleni."

Verna alimwambia iko kwenye simu yake mwenyewe. Tanuri alipiga tena, safari hii sauti chini, mgongo kwa wenzake. Akaambiwa yeye ni wa elfu kumi na nane na sita.

Hakimu alisimama. Alivuta shati likanyooka, akatazama mbele kama anayetazama uwanja mzima, akakata hewa kwa viganja vyote viwili kama zamani, siku za Ijumaa, kabla ya kutangaza adhabu.

"Kosa, mchezaji Tanuri, kupata moto bila sababu," alitangaza. "Amepoteza viti viwili. Amepoteza miaka hamsini na sita, yake na ya baba yake. Amepoteza mahali pa mkewe na blanketi lake. Bomba alingoja miaka kumi na tisa. Tanuri ana sitini na saba. Akingoja hivyohivyo, zamu yake itamkuta na themanini na sita, na yule kijana wa ulinzi atakuwa na arobaini na minane."

Aliokota kitambaa chake, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Uzoefu atakuwa nao."