Programu ya Betri Nane

Aloys alisikia ugomvi kabla ya kuuona, na kwa mtu wa kazi yake ugomvi wa wengine ni kama harufu ya nyama choma: miguu huongoza yenyewe.

Nyuma ya soko la mbuzi la Machakos, mahali ambapo nguzo za stima zilikuwa hazijafika, mzee aliyeitwa Ndambuki alikuwa amekumbatia betri ya gari, akimfokea mwanamke mwenye duka.

"Nimewaita majirani waone mpira, TV inazima penalti ikipigwa! Sasa wananiuliza nani alishinda. Mimi niko na jibu?"

"Jana mawingu yalikaa mpaka jioni, mzee. Nikupe jua kutoka wapi, mfukoni?"

Mwanamke huyo, Kinsi, alikuwa ameuza mbuzi miaka mingi, kisha akaweka faida yake juu ya paa: paneli za sola za kuchaji betri, ili watu wasio na stima wapate kutazama televisheni. Siku ya jua kali zilijaza betri nane. Siku ya mawingu, moja au mbili. Shida ilikuwa kwamba asubuhi hakujua apokee ngapi, na betri iliyojaa nusu huleta mteja mzima mwenye hasira.

Aloys alikaza tai yake. Alikuwa ametoka Kisumu wiki hiyo ya Januari, mji alioupenda sana, ila baadhi ya wakazi wake walikuwa wakimtafuta. Kwapani alikuwa na kompyuta ya kukunja, kitu ambacho miaka hiyo kilimpa mtu heshima kabla hajafungua mdomo.

"Mama, shida yako si jua," akasema. "Shida yako ni kwamba hujui kesho."

"Kesho anaijua Mwenyezi Mungu."

"Kabisa. Na sisi ametupa setilaiti."

Akaifungua kompyuta juu ya gunia la makaa. Ramani ya Kenya ikatokea, jua la manjano likazunguka, mishale ya upepo ikapita, na mstari wa kijani ukajaa polepole. Aloys alikuwa ameuchelewesha makusudi. Watu hawaamini jibu lililokuja haraka. Ndani ya programu hiyo hamkuwa na setilaiti. Mlikuwa na kanuni moja: chukua hesabu ya leo, iite kesho. Upande wa upepo ulisema "wastani" kila siku, na hakuna binadamu aliyewahi kuukosoa upepo wa wastani.

"Kila jioni unaniambia betri ngapi zimejaa, ndiyo mitambo ijipime," Aloys akaeleza. "Halafu nakupa karatasi ya kesho. Unalipa kila wiki."

"Mbuzi wa maziwa hanunuliwi kwa macho," Kinsi akasema. "Hukamwa kwanza. Wiki ya kwanza ni bure."

Wiki ya kwanza karatasi ilisema nane kila siku, na zikajaa nane kila siku. Ilikuwa Januari. Kinsi akaanza kulipa, akabandika karatasi mlangoni. Habari zikafika Mwala na Muthetheni, na kila mwenye paneli akataka kesho yake.

Kinsi, hata hivyo, hakuwahi kununua mnyama bila kumfungua kinywa. Jioni moja, baada ya siku ya jua la kupasua kichwa, alimwambia Aloys kwamba zimejaa tatu tu. Karatasi ya kesho ikasema tatu. Kinsi akaikunja, akashukuru, akalipa ada ya wiki. Karatasi ilimletea wateja, na mfanyabiashara hatangazi kilema cha mbuzi ambaye bado anakamika.

Mvua za Machi mwaka huo zilipita kando. Jua likaendelea kuwaka Aprili, likawaka Mei. Ndipo Aloys alipofanya kosa ambalo tapeli hapaswi kufanya: alikagua kazi yake. Akitafuta takwimu za kujisifia, alilinganisha karatasi zake na betri zilizojaa, akakuta programu imesema kweli siku tisa katika kila kumi. Alishtuka kama mwizi aliyefungua pochi aliyoiba akakuta kitambulisho chake mwenyewe. Usiku huo hakujiona tena mjanja. Alijiona mtaalamu, na hapo ndipo hatari ilipoanza.

Kwa nini auze utabiri kwa ada ya wiki, na wenye paneli wavune jua lenyewe?

"Mama, niuzie paneli," akamwambia Kinsi mwishoni mwa Mei.

"Hizi? Hizi ni watoto wangu."

Akaongeza bei. Kinsi akatazama paa kwa huzuni ya mtu anayeuza mbuzi mzee. Akaongeza tena. Ndambuki, aliyekuja kuchukua betri, akashindwa kunyamaza.

"Injinia, wewe ni mgeni. Hapa Juni ikiingia, ukungu…"

"Kompyuta haijasema ukungu, mzee."

"Mimi je, nikisema?"

"Wewe uko na setilaiti?"

Ndambuki akakubali kwamba hakuwa nayo. Aloys akatoa yote aliyokusanya tangu Januari, yale aliyoyapangia kuhamia Nairobi na kuwa mtu, akapewa paneli, na duka akapangishwa. Jioni hiyo programu ilisema nane.

Asubuhi milima ya Iveti haikuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za soko, na manyunyu yalidondoka kwa utulivu wa kitu kisicho na haraka ya kuondoka. Ilijaa betri moja. Jioni programu ikatabiri moja. Juni yote ikawa sahihi, Julai ikawa sahihi zaidi, na kila siku Ndambuki alisimama dukani na betri yake.

"Injinia, hii nayo ni nusu!"

"Nilikwambia mapema kwamba itakuwa nusu."

"Sasa nikulipe kwa kuniambia?"

Kufikia mwisho wa Agosti kodi ilikuwa imemla Aloys hadi kiatu. Kinsi akapita, akiwa amejifunga leso ya baridi, akauliza habari za watoto wake wa paani. Kompyuta ilikuwa imesema moja kwa kesho. Aloys akaitazama skrini, akaamini, akamrudishia paneli kwa theluthi ya bei.

Siku tatu baadaye jua likatoka kana kwamba halijawahi kwenda popote. Aloys alimkuta Kinsi akifuta paneli kwa kitambaa.

"Mama, ulijuaje kesho?"

"Kesho siijui, kijana wangu. Naijua Juni."

Jioni, kwa mazoea tu, Aloys alifungua kompyuta, akaiandikia betri zilizojaa siku hiyo. Ilitabiri nane. Kesho yake zilijaa nane, juu ya paa la Kinsi.