Kila Kisicho Ndoo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa cheo. Shangazi ametangaza mbele ya kaka yangu, mbele ya wateja na mbele ya paka wa dukani: barua zote za kiwandani nitaandika mimi. Sababu? Kiingereza changu. Shangazi anauza vyombo vya plastiki, na amechoka kununua kwa watu wa kati. Sasa anaagiza ndoo mwenyewe, moja kwa moja kutoka kiwandani, ng'ambo. Mlezi wa bweni la wasichana ameshaweka oda ya bweni zima. Shangazi ametia akiba yake yote humo.

Nikifaulu, kile kiti cha kuzunguka nyuma ya kaunta ni changu. Nikishindwa, anakikalia kaka.

Kaka tunamwita Injinia. Aliwahi kutengeneza pasi. Pasi yenyewe siku hizi inapiga watu shoti, lakini jina limebaki. Amecheka sana. Ameuliza mtu anayejificha chooni wageni wakija ataongeaje na bandari nzima. Nimemjibu jibu kali mno. Kimoyomoyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeigundua siri ya biashara hii! Mzigo wetu haujazi kontena, kwa hiyo tunachangia moja na watu wengine. Wakala wa mizigo ameniandikia kwamba humo mtu analipia nafasi anayochukua, si uzito.

Sasa ndoo ni nini? Ni hewa yenye ukuta. Yaani Shangazi alipe ili hewa ivuke bahari! Hewa tunayo hapahapa, bure.

Nimetazama picha za kiwandani. Kati ya ndoo na ndoo wanaweka karatasi ngumu. Ubadhirifu! Nimewaandikia kwamba, ili kuokoa nafasi, waondoe kila kisicho ndoo. Sentensi fupi, imenyooka kama rula. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo. Kioo hakikupinga.

Jumanne, 11 Machi

Wakala amepiga simu. Nakiri hapa tu: sikupokea. Mimi na simu za watu wazima hatupatani. Viganja vinaloa, sauti inakuwa ya mbuzi. Kwenye kuandika mimi ni simba, kwenye "halo" mimi ni swala. Nimeilaza simu chini ya mto. Akapiga tena. Nikaimba ili nisiisikie.

Baadaye ukaja ujumbe: "Binti, kiwanda kinauliza kama kimeielewa sawasawa sentensi yako. Nipigie."

Nipigie! Nimemwandikia kwamba sentensi ni ileile, wasiguse hata neno.

Jioni Shangazi ameuliza wakala anasemaje. Nimesema anaizungumzia sana sentensi yangu. Si uongo. Injinia sasa ananiita Madamu Barua-Pepe. Acha aite. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatano, 23 Aprili

Mshindo umefika.

Lori limeshusha mzigo mbele ya duka. Mdogo ajabu! Hata wachukuzi wameuliza mwingine uko wapi. Nimesimama kifua mbele. Shangazi amenibusu utosini, akasema nina kichwa cha biashara kama marehemu babu. Injinia amekunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Ilikuwa saa bora ya maisha yangu. Ilidumu mpaka Shangazi alipotaka ndoo moja tu amwonyeshe jirani.

Haikutoka. Bila karatasi zimebanana, zimekuwa kitu kimoja kirefu. Jirani ameuliza kama sasa tunauza mabomba. Injinia akaukumbatia mnara huku, Shangazi akavuta kule, kama watu wanaogombea mtoto. Ikachomoka kwa mlio nisiothubutu kuuandika, Injinia akaangukia mafagio.

Shangazi akaigeuza ile ndoo. Akaigeuza tena.

"Mkono wa kubebea uko wapi?"

Mkono si ndoo. Kiwanda kimetii. Mfuniko nao si ndoo.

"Na wakala hakukupigia?"

Nikasema alipiga.

"Ukamwambiaje?"

Nikaviambia viatu vyangu kwamba sikupokea. Vina vumbi.

Hakunigombeza. Amekaa kwenye kile kiti, akakizungusha mpaka akaelekea ukutani, akabaki hivyohivyo. Afadhali angenichapa.

Ijumaa, 25 Aprili

Bweni linafunguliwa Jumatatu. Tangu jana tunatenganisha ndoo kwa maji ya sabuni. Kisha Injinia akaona matundu kwenye masikio ya ndoo, mahali mikono ingekaa. Akapitisha kamba, akapiga fundo, akajaza maji, akainua. Haikukatika. Inaniuma kuandika hili. Lakini matundu ni ya kiwanda changu.

Tumefunga kamba mpaka vidole vimeota malengelenge. Mlezi wa bweni amekuja, ameinua moja, amesema wasichana wake si ng'ombe wa kuvutwa kwa kamba. Shangazi amembembeleza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Hatimaye mama yule amezichukua kwa sharti moja: mifuniko, pamoja na mikono halisi ya chuma yenye kile kipande cha plastiki cha kushikia ili isikate vidole, vifike kabla ya siku ya wazazi. La sivyo anarudisha ndoo zote, na kamba zake. Kwenye meli hatutawahi. Lazima ndege.

Jumapili, 27 Aprili

Injinia ametaka barua hii aandike yeye. Nimesoma rasimu yake. Kwa Kiingereza kile tungeletewa mikono yenye vidole. Shangazi ameguna, akanirudishia kazi.

"Lakini simu ikilia, mama, upokee. Niahidi."

Nimeahidi. Tena kwa moyo wote.

Nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi. Sentensi haikuwa na kosa, ilitiiwa neno kwa neno. Kosa ni kwamba ilihusu ndoo. Hii inahusu mikono. Tena kwenye ndege hesabu ni ya uzito, kwa hiyo kila gramu ni adui. Nimewaandikia walete mifuniko na mikono ya chuma, na ili kupunguza uzito waondoe kila kisicho mfuniko wala chuma. Nimeisoma mbele ya kioo. Safi! Kiti kile nakiona kinanizungukia.

Simu inalia. Wakala. Jumapili yote hii!

Najua ahadi ni deni. Lakini anachotaka nakijua: ni sentensi tu, ameipenda. Nimeiweka simu ndani ya ndoo. Mfuniko hatuna, nimefunika kwa mto.

Ataandika.