Kidole Changu na Siku ya Usalama Kazini

Jumatano, 23 Aprili 2025
Bahati imenikumbuka! Mama Theodora, mwenye karakana yetu ya samani hapa Shirimatunda, ametangaza kwamba Jumatatu ni siku ya usalama na afya kazini. Fundi mmoja atazungumza na wenzake. Akifanya vizuri, ndiye mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Godlove akanyoosha mkono. Godlove! Mtu anayevaa miwani ya kinga hata akinywa chai. Nikanyoosha wangu, wenye kidole kisicho na ncha. Mama akakitazama, akaguna kwa huruma. Nimepewa mimi.

Ijumaa, 25 Aprili
Hotuba imegoma. Nimeandika “Usalama kwanza”, nikakwama hapo. Kidole chenyewe nilijikata Krismasi, nikimkatia majani ng'ombe wa shangazi Elinipendo kule Kwa Sadala. Niliona haya, sikumwambia mtu kazini. Nani atamlilia mtu aliyeshindwa na majani? Nimeamua: kilikatwa na msumeno wa mashine. Msumeno hauwezi kubisha.

Jumatatu, 28 Aprili
Nilianza vizuri mno! Nikasema wenzangu wote walipopanda vijijini kwao migombani kula Krismasi, mimi nilibaki karakanani kumalizia kitanda cha mteja. Damu ikaruka hadi darini. Victoria, wa kupaka vanishi, akalia. Godlove akavua miwani, akafuta macho. Nilipoona machozi nikaongeza kwamba nilizimia. Makofi!

Kisha akasimama mgeni niliyedhani amefuata kabati. Kumbe mkaguzi wa usalama kazini, kaalikwa na Mama! Akauliza ajali hiyo iliripotiwa wapi. Mama akasema ndiyo kwanza anaisikia. Mkaguzi akataka kuuona msumeno. Hauna kinga, lile bati la kufunika meno. Kinga iko wapi? Wote wakanigeukia mimi. Niliing'oa mwezi wa pili, ilikuwa inanichelewesha. Sasa tunaichomea ndizi za mchana juu ya mkaa.

Msumeno umefungiwa, hakuna kuuwasha. Nimekwisha.

Jumanne, 29 Aprili
Hakuna kazi. Madawati ya shule yamelala bila miguu. Wenzangu hawaniitikii salamu. Mama ameitwa ofisini kwa mkaguzi kueleza kwa nini aliificha ajali. Mama huyu alinipokea kazini wakati karakana zote za Moshi zimenikataa! Mara mbili nilifika mlangoni kwake niseme ukweli. Mara mbili nikakumbuka Mei Mosi, nikarudi.

Jumatano, 30 Aprili
Mkaguzi alirudi asubuhi. Alikuwa ndiyo kwanza anataka kuandika maelezo yangu, shangazi akaingia na mkungu wa ndizi kichwani. Habari za msumeno zimefika hadi sokoni Kwa Sadala! Tukampa shikamoo. Akanishika mkono, akaugeuza mbele ya watu wote.

“Gidioni, we si ulijikata na panga ukimkatia ng'ombe wangu majani? Si nilikufunga mimi kwa kitenge changu?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akafunga kalamu. Akamwambia Mama kwamba ajali haikuwapo, ila kinga haipo kweli, na kwamba vidole vya wanaoutumia msumeno huu bado vipo kwa rehema za Mungu tu.

Godlove akaisugua kinga masizi ya ndizi, akaifunga mahali pake. Mkaguzi akaruhusu ijaribiwe. Ubao wa kwanza tu, fundo gumu la mti likachomoka. Paa! Likagonga kinga, usawa kabisa wa uso wa anayesukuma ubao. Tangu mwezi wa pili, anayesukuma mbao ni mimi. Nikakaa chini kwenye maranda. Victoria akaniletea maji.

Alhamisi, 1 Mei
Mfanyakazi bora: Godlove. Amepiga picha na Mama, miwani usoni. Mimi nimehamishiwa kwenye kufagia. Mama anasema hanifukuzi kwa sababu ya heshima ya shangazi, na msumeno sitaugusa mpaka Godlove aridhike nami. Godlove! Nimestahili. Nimelia kidogo nyuma ya magogo. Nimeapa: uongo basi.

Jioni Mama akatukusanya tena. Mwezi wa sita kutakuwa na mafunzo ya kuzima moto, atahitaji fundi mmoja wa kuzungumza.

Nina kovu gotini, nilianguka na baiskeli mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi. Nimelitazama vizuri karibu na taa. Linafanana na la moto kabisa. Na siku ile shangazi hakuwepo.