Kengele Imelia Kabla ya Dagaa

Jumatatu, 4 Mei

...na ndiyo maana sikubali, hata wifi Susana akininunia mpaka Krismasi. Lazima nitajwe bungeni! Wiki iliyopita mbunge mmoja alimshukuru mke wake kwa majina yote mawili, wenzake wakagonga meza. Mke mwenyewe ameolewa zamani, ana wajukuu. Mimi nimeolewa juzi tu baada ya Pasaka, kanisani Nyegina, gauni bado halijarudi kwa dobi. Nani mwenye haki zaidi?

Alhamisi Pastory wangu anachangia bajeti ya uvuvi. Ni mbunge mpya, kiti chake kiko nyuma kabisa karibu na mlango. Mpaka leo kwenye televisheni ameonekana tu kamera inapomfuata mtu anayetoka nje. Lakini alivyoonekana! Shingo ile! Nilibusu kioo.

Amepewa dakika tano. Susana, dada yake, ndiye anayeendesha ofisi yake ya Bunda, na hotuba kaandika yeye. Kanisomea kwenye simu. Chanja za dagaa mwanzo, chanja katikati, chanja mwisho. Akina mama wa Kibara wanaanika dagaa mchangani, mvua ikinyesha dagaa wanaoza, kwa hiyo wanawake hao wanataka chanja za kuanikia juu. Waziri hujibu yaliyosemwa tu. Asiyesema, hajibiwi. Sawa, nimeelewa. Ila mimi niko wapi humo? Nikamuuliza. Akasema Bunge siyo kichen pati.

Tutaona.

Jumanne, 5 Mei

Nimepiga pasi mashati yake yote aliyoyaacha hapa Makoko. Yalikuwa yamenyooka. Nimerudia.

Mchana nikampigia. Nikalia kidogo, siyo sana. Akasema mke wangu kipenzi, dakika tano ni chache, kengele ya pili ikilia wanazima kipaza sauti. Nikasema jina tu, Pastory, jina moja! Akacheka kile kicheko chake. Akakubali. Nampenda mpaka naumwa tumbo.

Tatizo likaja baadaye. Ukimshukuru mke ukamwacha mama mzazi, mtaa mzima utasema nimemteka. Basi mama mkwe atangulie. Na padre aliyetufungisha ndoa? Na kamati ya harusi? Mwenyekiti wa kamati alichangia ng'ombe, hatajwi vipi? Na kwaya. Na shangazi aliyepika. Nikamtumia Pastory majina yote kwa simu, nikamwambia aanze na hayo, watu wakiwa bado hawajasinzia.

Susana nimemwacha makusudi.

Jioni akapiga, anafoka. Nani kachezea hotuba? Nikasema wifi, mume wangu ana mdomo wake. Akasema mdomo anao, ila sasa umejaa ubwabwa wa harusi. Nikamkatia simu. Kwa heshima.

Jumatano, 6 Mei

Wazo kubwa! Nitatazama nikiwa Kibara, mbele ya mashahidi. Wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, waone kwa macho yao mbunge wao anavyompenda mkewe. Kura za miaka yote zijazo hizo!

Nimempigia Bi Tausi, kiongozi wa waanika dagaa. Yeye ndiye alituletea gunia la dagaa harusini, akamshika Pastory mkono mbele ya keki akasema baba, masika haya nimefukia mtaji wangu mchangani, mwakani sitakuwa na cha kufukia. Pastory akamwahidi kwamba atalisema bungeni. Kila mtu alisikia. Mimi nilikuwa namtazama Pastory macho.

Bi Tausi akasema kesho ni siku ya kuanika, hawawezi kuacha kazi. Nikasema Mheshimiwa atawazungumzia nyinyi, mtamwacha azungumze peke yake? Akasema haya, mwanangu, tutakuja wote.

Alhamisi, 7 Mei

Niko Kibara. Nimevaa kitenge cha send-off. Televisheni kwenye kibanda cha soda, wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Nje dagaa wametandazwa ufuo mzima, wanameta kama vikuku. Nimekaa mbele.

Akaitwa! Akasimama! Tai niliyomchagulia!

Akamshukuru Mungu. Akawashukuru viongozi na wapiga kura. Kisha mama. Padre. Kamati ya harusi, mwenyekiti, mhazini, kwaya, shangazi. Kengele ya kwanza ikalia. Bi Tausi akaninong'oneza, hawa kwaya nao ni wavuvi? Nikamwambia ngoja. Ndipo akasema: “Na kwa namna ya pekee kabisa, mke wangu, ua la Mara, Getruda!”

Meza ziligongwa! Niliruka. Niliangusha kreti la soda. Ua la Mara! Hilo sikumtumia mimi, kalitunga mwenyewe!

Akasema sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, nije kwenye dagaa. Kengele. Mwenyekiti anayeongoza kikao akasema ahsante Mheshimiwa, muda umekwisha, tunakutakia ndoa njema. Bunge likacheka. Pastory akabaki amefungua mdomo, kipaza sauti kimezimwa. Akakaa.

Kibandani kimya. Nilidhani wameguswa. Kumbe ilikuwa ni mvua, imeshaanza kupiga bati na hakuna aliyeisikia kwa vigelegele vyangu. Walitoka mbio na ndoo na maturubai. Walichelewa. Nilisaidia kuzoa, kitenge kimekwisha.

Bi Tausi alisimama katikati ya ule uji wa mchanga na dagaa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. “Mke wa Mheshimiwa,” akasema, “wewe umetajwa. Sisi je?”

Nikamwambia kengele imelia mapema. Akasema kengele inaliaga vilevile kila siku, mwanangu.

Ijumaa, 8 Mei

Sijutii! Mapenzi hayaombi radhi.

Ila nimelala vibaya. Leo Waziri anahitimisha, bajeti ikipita imepita. Nimemtumia Pastory ujumbe asimame ailalamikie kengele. Hajibu. Simu imezimwa tangu jana. Maskini, ananikumbuka mpaka hawezi kuongea.

Mchana nimetazama kwa mama mkwe. Susana naye yupo, kakaa mbali na mimi, kashika rozari. Vifungu vya bajeti vikaanza kupitishwa. Mara Pastory huyo, kasimama kule mlangoni! Hakumshukuru mtu. Hata Mungu! Nikaogopa. Akasema anashika shilingi. Yaani anazuia shilingi moja katika mshahara wa Waziri mpaka ajibiwe. Mama mkwe akauliza Waziri gani huyo wa kugombea shilingi na mwanangu. Susana akamwambia mama, nyamaza.

Pastory akasema ameelezwa na ofisi yake ya Bunda kwamba akina mama wa Kibara jana wamezoa mtaji wao kwa koleo, na yeye ana sehemu ya kosa, kwa sababu muda wao aliutumia kwa mambo ya nyumbani kwake. Wakubwa wakamwambia airudishe shilingi, Waziri amesikia. Akasema hajasikia jibu, harudishi. Kiti cha nyuma, lakini hakukaa!

Waziri akasimama. Akasema chanja zitawekwa mwaka huu wa fedha, na mwezi huu huu atafika Kibara kuona mwenyewe. Pastory akarudisha shilingi.

Susana alilia. Mimi nililia zaidi. Nikamwambia unaona, nisingemwongezea yale majina asingepata hasira za kushika shilingi. Kanitazama muda mrefu sana. Wivu.

Jumapili, 10 Mei

Pastory amewasha simu! Amesema ananipenda, na akaomba hotuba zake nisiziguse tena. Nimeapa. Hotuba za bungeni sitazigusa.

Mapokezi ya Waziri Kibara siyo bungeni.

Nimeshapanga. Kwaya ya Nyegina, utambulisho wa familia, historia fupi ya jinsi mimi na Pastory tulivyokutana stendi ya Bunda, shairi langu, kisha Bi Tausi aseme kidogo kuhusu chanja. Nimempigia kumpa habari njema. Akaniuliza, na mvua ikija? Nikasema nimeshafikiria, tutafunga turubai kubwa. Akasema ahsante Mungu, juu ya dagaa? Nikasema hapana, juu ya meza kuu.

Kimya kile tena. Ameguswa.

Usihofu, Bi Tausi. Kipaza sauti nakuja nacho mwenyewe, na Kibara hakuna kengele! Mimi na Pastory wangu tutakuwa hapo kabla mwezi haujaisha.