Juu ya Pastille Ile Mukono Haifike

Kisangani, tarehe 12 ya mwezi wa tatu, 1957

Kwa Bwana Directeur wa garage yetu,

Nimekosea mutu. Jina yake Assumani, fundi wako wa motere, mutu wa Kasongo, ule ulimufukuza siku kumi sasa na kuandika katika livret, kitabu yake ya kazi, neno "négligent", maana yake muzembe. Kosa haikukuwa yake. Ilikuwa yangu mimi, Nicolas Lifoko, chauffeur wa camion ya Bengamisa, miaka makumi ine na sita, mubatizwa, baba ya watoto sita. Ninatubu. Padri ameisha kusikia, bibi yangu Berthe, mama ya hao watoto, ameisha kusikia, na kati yao wawili Berthe ndiye alinipa malipizi ya nguvu.

Bon. Kisha kutubu vile, ninaomba ruhusa ya kulalamika. Juu nimefikiri sana, Bwana Directeur, na nimeona ya kama kosa yangu iko na baba yake. Ule baba anakaa Ulaya, anaitwa Bwana Ingénieur, ndiye alichora motere ya camion yetu. Mashitaka yangu iko hapa chini, na namba, sawa vile walitufundisha kwa Mapadri.

1. Shimo yenyewe. Katika ubavu ya motere kuko matundu, na kila tundu imezibwa na kisahani kidogo ya chuma, mviringo, upana yake kama mudomo ya kikombe ya kahawa. Wafundi wanaiita pastille. Nyuma yake kuko mayi yenye kupoza motere. Nilimuuliza Assumani ni juu ya nini watu wa akili waliacha matundu pale. Akanieleza ya kama kule Ulaya, wakati wanayeyusha chuma, wanaweka muchanga ndani, kisha wanaacha shimo kwa kutoa muchanga, kisha wanaziba. Donc mutu anaacha shimo, anaiziba na kitu chembamba sawa ukucha, anatutumia. Kwetu Yanonge mutu akichonga pirogue ya mutoni na shimo hawamuite ingénieur. Wanamuomba apande yeye wa kwanza.

2. Fasi. Ubavu ya motere yetu iko na pastille tatu. Mbili iko mbele, fasi ya wazi, unaweza kuzisalimia asubuhi. Hizo hazijatoa mayi hata siku moja. Ya tatu iko nyuma kabisa, kati ya bomba ya moshi na ukuta ya cabine, fasi ile panya mwenye mimba angerudi nyuma. Ndiyo ile ilioza. Mutu asiniambie ni bahati mbaya. Kitu inaoza fasi mwenyewe alijua haendi kutazama.

3. Mukono. Assumani alilala chini ya camion kutoka appel ya asubuhi, saa ya kuita majina, mpaka saa ya kula. Alionja mayi kwa ulimi, akatema, akasema ni kutu, ni ile ya nyuma. Mukono yake ilitoka nyeusi, imechubuka, imeungua kwa kiwiko. Akasema kazi inaomba siku mbili: kushusha bomba ya moshi, kushusha boîte de vitesse, ile sanduku ya gia. Sasa, Bwana Directeur, mutu wa Mungu iko na kiwiko moja kwa kila mukono. Kwa kufika kwa ile pastille inaomba viwiko tatu, na jicho kwenye ncha ya kidole. Ninaomba kwa heshima: Bwana Ingénieur atume mukono yake kwa bateau ya bahari, tuitumikie. Kama hawezi, Serikali isiandike tena katika garage mutu wa kiwiko moja. Watoto wa masomo wapimwe tangu mwaka ya tano. Wenye mikono ya kawaida wabaki makarani.

4. Copal. Wewe ulisema siku mbili ni mingi, camion haiwezi kulala, mupunga ya Bengamisa inangoja. Ilikuwa vendredi. Assumani alienda musikitini kwa sala ya saa sita, mimi nikabaki na camion. Mimi ni mutoto wa mutoni. Pirogue ikipasuka, baba yangu alipashaka copal kwa moto, ile gundi ngumu ya miti ya pori, akachanganya na mafuta ya mawese na nyuzi, akaziba, na pirogue ikaenda mpaka Isangi na mbuzi ndani. Ni nani atanifundisha mayi? Nikafunga copal kwa ncha ya fimbo ndefu, nikaisukuma mpaka kwa pastille, nikapigapiga. Mayi ikasimama. Nikakuja kwako, nikakuambia Assumani amemaliza, tunaweza kwenda.

Kumbe mutoni haina moto. Kilometa makumi tatu, copal ikageuka supu, mayi yote ikakimbia, motere ikalia, ikakufa. Abiria kumi na wawili walirudi na miguu. Mama Philomène, mwenye kuku nane, alinilaani kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala, juu hakutaka kuacha fasi hata moja ya mwili yangu bila laana.

Kwa hii namba ine ninahukumu hivi. Pastille ingekuwa mbele, fundi angeibadilisha asubuhi. Angeibadilisha asubuhi, mimi singetafuta copal. Singetafuta copal, singesema uongo. Mwenye kuficha shimo ndiye amezaa uongo, mimi niliulea tu. Donc neno "négligent" itoke katika livret ya Assumani, ipande ndege, iandikwe katika livret ya Bwana Ingénieur. Kama hana livret, apewe. Sisi wote tuko nayo.

5. Wewe mwenyewe, Bwana Directeur, na usikasirike, barua bado ni ya heshima. Camion ilivutwa mpaka garage. Uliinama, ulinusa, ukasema motere inanuka kama kanisa. Sisi wote tulisikia, juu copal ikiungua inanuka ubani. Wafundi kumi na moja wakaanza kutazama chini, juu kila mutu alijua ni nani pale alikulia katika pirogue. Wewe hukuuliza ni kwa nini Muislamu wa Kasongo atatengeneza motere na ubani. Ulitazama mikono. Ya Assumani nyeusi na mafuta, yangu safi, na shingoni nilivaa cravate. Nilisema Kifaransa, nikaweka "néanmoins", ile "hata hivyo" ya wenye kusoma, mara mbili. Ukaandika. Assumani hakufanya makelele. Alinigeukia mimi, haikukuwa wewe, akasema pole pole: "Papa Nicolas, baba yangu alishonaka makanzu. Copal ningeijulia wapi?" Hukusikia muzuri, uliniuliza anasema nini. Nilikujibu ya kama anaomba musamaha.

Ile neno ya mwisho sikuiambia Padri. Nimeiambia Berthe.

6. Sasa garage yote ya mji inafungua ile livret, inasoma, inaifunga. Lundi tarehe 18, Assumani atavuka mutoni na bibi yake Fatouma na watoto, kukamata treni ya Ponthierville, kurudi kwao. Miaka kumi na moja ya motere, na kule hata pikipiki haiko. Ninaomba umurudishe kazini mbele ya ile treni kuondoka. Tena ninaomba Bwana Ingénieur aitwe hapa, alale chini ya camion saa saba ya muchana, motere ya moto, na ufunguo ya kumi na ine, na Mama Philomène akae pembeni kumusaidia kwa maneno. Kwa upande yangu mimi, sioni azabu gani munaweza kunipa. Kama mukono ya Assumani haikufika pale, zamiri yangu ingefikaje?

Ninasimamisha kalamu hapa, kofia mukononi. Salamu kwa Madame, kwa Bwana comptable wa pesa, kwa Zacharie sentinelle, mulinzi wetu, kwa wafundi wote, kwa kuku ya Mama Philomène zile zilibaki, na kwa Bwana Ingénieur na jamaa yake yote, tunawatakia afya, zaidi ya mikono.

Ni mimi chauffeur wako,
mwenye kutubu na mwenye kushitaki,
Nicolas Lifoko

P.S. Mbele ya kufunga bahasha, nilienda kupima ile fasi na kamba, juu Bwana Ingénieur asiseme ninamusingizia. Niliingia katika cabine. Niliinua tapis ya caoutchouc, ile mukeka ya mpira, upande ya abiria. Chini yake kuko kibati ya chuma na visi ine, misumari ya kuzungusha. Nilivifungua na kisu ya mezani. Mukono yangu iliingia mpaka kwa pastille bila kuchubuka, na ilibaki nafasi ya mukono ya pili na nyundo. Bwana Ingénieur alifikiri kila kitu.

Assumani alijua. Ile asubuhi aliniomba mara mbili niinue tapis, ni kazi ya saa moja. Nilimukatalia, nikamuambia cabine ni ofisi ya chauffeur. Juu chini ya tapis nilipanga samaki yangu ya moshi ya kuuzisha Bengamisa, na wewe ulitukataza biashara katika camion. Ni kisha ya pale alisema siku mbili.

Donc namba 1 mpaka 6 uzifute, ubakize tu namba 5 na ombi ya Assumani. Siku ya posho, tarehe 16, saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa appel, nitasimama mbele ya wafundi wote na kusema ni nani aliweka copal, na ni nini Assumani alisema ile siku. Livret yangu itakuwa wazi mukononi, utaandika ndani ile neno uliandika katika yake. Barua ya pili, bila namba, nimeisha kuipeleka kwa Assumani. Fatouma ndiye aliipokea. Hakunikaribisha kiti. Alisema siku ya posho watakuja wote wawili, watasimama karibu na mulango, na wataanza kufungua masanduku ya safari kama watasikia jina ya Assumani kwa mudomo yangu.